Ufunguo wa meneja na keshia aliyenuna

Ukiingia supamaketi ukakuta keshia kanuna, salamu haitiki, chenji anakurushia juu ya kaunta, wengi tunasema huyu binti hana adabu. Mimi nimekaa kaunta miaka minne hapa Dar, siku hizi ni supavaiza, na nakwambia mara nyingi ule mnuno umeanzia ofisini kwa meneja saa mbili asubuhi, we mteja unakutana tu na kilichobaki.

Meneja wangu wa kwanza alikuwa anatembea na ufunguo wa mashine shingoni. Ule ufunguo ndo unafuta bidhaa ikishapigwa, keshia peke yako huwezi mpaka yeye aje. Sasa Ijumaa moja mwisho wa mwezi, foleni imefika mpaka kwenye friji za maziwa, mama mmoja mtu mzima akaniambia mwanangu hii sabuni kule kwenye shelfu imeandikwa 3,200 mbona hapa inasoma 4,000. Na alikuwa sahihi kabisa, bei ilishapanda kwenye kompyuta ila kibandiko hakuna aliyekibadilisha. Nikapiga kengele. Tukasubiri weee, watu nyuma wanasonya. Meneja akashuka, yule mama hata shikamoo hakumpa, akanigeukia mimi kwa sauti, "Kila siku ni wewe tu, huna macho?" akazungusha ufunguo akaondoka. Yule mama akanishika mkono akasema pole mwanangu, mi nahesabu chenji yake machozi yananilenga.

Nilichojifunza siku ile ni kutopiga kengele. Mteja aliyefuata akilalamika bei namwambia ndo bei yake hiyo, kama hutaki acha. Naumia kuliandika hili lakini ndo ukweli, na kaunta zote sita tulikuwa hivyo hivyo, akija mfanyakazi mpya anachangamka wiki ya kwanza, wiki ya tatu ashakuwa kama sisi. Tukaletewa mpaka semina ya huduma kwa wateja tukafundishwa kutabasamu. Jamani kutabasamu tulikuwa tunajua toka kwetu, kilichotushinda ni woga.

Halafu kuna shoti. Ukifunga hesabu usiku pesa ikapungua, inakatwa yote kwenye mshahara, unasaini unaenda nyumbani. Nimekuja kuisoma baadaye sana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kumbe mwajiri hawezi kukukata hasara hivi hivi, lazima iwe kosa lako, akuandikie sababu na kiasi, akupe nafasi ya kujitetea, na hata akikata isizidi robo ya mshahara. Hatukujua. Sasa mtu ambaye elfu kumi ndo nauli yake ya wiki nzima atakuhudumiaje? Noti imechakaa kidogo tu anaikataa, umelipa kwa simu meseji ikachelewa anakushikilia pale kama mwizi. Hakuchukii wewe, anajilinda.

Meneja wa pili alikuwa dada mmoja, na sio kwamba alikuwa mpole, maana ukichelewa mara tatu barua yako unaipata. Ila ule ufunguo aliuvua akampa keshia mzoefu wa kila shifti, akasema tofauti ya bei isiyozidi 5,000 mpeni mteja bei ya kwenye shelfu, andikeni kwenye daftari, tutaongea asubuhi. Na asubuhi kweli anapita na lile daftari shelfu kwa shelfu, vibandiko anabadilisha mwenyewe. Hoteli za Ritz-Carlton zinajulikana kwa utaratibu wao kwamba mfanyakazi anaweza kutumia hadi dola 2,000 kumaliza shida ya mgeni mmoja bila kuomba ruhusa, nikikumbuka sisi tulishindwa kurudisha shilingi 800 ya sabuni huwa naishiwa nguvu.

Siku moja nikapata shoti ya 37,000. Nikaenda ofisini magoti yanatetemeka, yule dada akavuta kiti, akachukua risiti zangu zote tukaanza kupitia moja moja mpaka saa nne usiku, kumbe kuna mteja alilipa kwa lipa namba mi nikapiga kama keshi. Pesa ipo. Hakunifokea, akaniambia tu kesho kabla hujabonyeza uwe unaangalia mkono wa mteja umeshika nini. Nafanya hivyo mpaka leo.

Yani ndani ya miezi michache tu duka lilibadilika. Mwenzangu wa kaunta ya tatu, ambaye wateja walikuwa wanahama foleni yake, nilimuona kwa macho yangu anakimbia mpaka parkingi kumpelekea baba mmoja mafuta ya kula aliyoyasahau. Mshahara haukuwa umeongezeka hata senti, na ni yule yule aliyekuwa anarusha chenji.

Wiki iliyopita binti wangu mmoja wa kaunta kapata shoti ya 12,000, mi nimechoka, nimesimama toka asubuhi, nikasikia kabisa yale maneno ya meneja wa kwanza yanakuja mdomoni. Nikanyamaza kwanza. Nikamwambia lete risiti mdogo wangu tukae. 7,000 tumeipata, ilikuwa kilo ya sukari iliyopigwa mara mbili, pesa ikarudishwa kwa mteja bila kuandikwa, pamoja na chenji ya mteja wa jioni iliyozidi. 5,000 bado tunaitafuta, na kwenye mshahara wake sijaigusa.