Uasin Gishu haikuwa ya Chamberlain kugawa

Juzi mwenzangu wa darasani hapa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, ameniuliza kama Eldoret, mji wetu kule Uasin Gishu, Kenya, ni mji au kijiji. Pengine ningeyameza, ila tulikuwa chini ya Old Joe, mnara wa saa wa chuo, mita 100 kwenda juu, unaotajwa kuwa mrefu kuliko minara yote ya saa iliyosimama peke yake duniani. Joe mwenyewe ni Joseph Chamberlain, mkuu wa kwanza wa chuo hiki. Ndiye aliyekuwa Waziri wa Makoloni wa Uingereza, na mwaka 1903 serikali yao ikataka kuwapa Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi ardhi ya Uasin Gishu, kama maili mraba 5,000. Mnandi hakuulizwa. Mmaasai hakuulizwa.

Wazayuni, Wayahudi waliokuwa wakitafuta nchi yao wenyewe, walituma watu wakaikague, wakaikataa 1905. Mwaka huohuo Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, akapigwa risasi na Waingereza kwenye mkutano ulioitwa wa amani. Mnara ukakamilika 1908, na 1908 hiyohiyo Makaburu wa Afrika Kusini wakapanda kwetu na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe. Halafu mtu apite chini ya jina hilo kila asubuhi na asijue Eldoret ni nini! Nilimweleza yote palepale, hadi kengele ikalia. Wanafunzi wakawa wanauzunguka mnara kwa mbali, kwa kuwa wanaamini ukipita chini yake ikilia utafeli. Mimi sikusogea.

Mama, kule Langas, mtaa wa Eldoret, nilipomsimulia kwa simu alichemka kunishinda. "Mwanangu, ungemuuliza Kipchoge, bingwa wa marathoni, anafanyia wapi mazoezi!"

Na nyinyi mnaonitumia ujumbe kila siku mkitaka kuja, msiuze shamba kabla ya kupiga hesabu. Ada ya afya kwa mwanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka, na unailipa unapoomba viza. Karo bado, kodi ya nyumba bado. Kozi ya uzamili ya darasani haikuruhusu kuja na mke wala mume tangu Januari 2024. Muhula ukiendelea, kazi ni saa 20 kwa wiki basi. Kikombe cha chai hapa, kwa bei hiyo pale steji ungeshiba ugali na nyama.

Mwenzangu ameomba radhi, na sasa anataka kuja Kenya. Nimemwambia tutaanzia Nandi Hills, kwenye makumbusho ya Koitalel, ndipo twende Eldoret kwa mama.