Uzi Mwekundu Chini ya Bawa

Leo tumemaliza majaribio ya gari letu la mashindano ya wanafunzi, na mikono yangu bado inanuka mpira wa matairi.

Kwa wiki mbili tuliamini kwamba kadiri kibawa cha pili cha bawa lililofungwa nyuma ya gari (kile kipande kidogo kinachofuata bawa kuu) kinavyosimama wima, ndivyo hewa inavyoligandamiza gari na matairi kushika lami. Dereva wetu hakukubali: kila alipoingia kwenye kona ya kasi, nyuma iliteleza. (Madereva hulalamika sana, kwa hiyo hatukumsikiliza.)

Asubuhi nilibandika vipande vya uzi wa sufu upande wa chini wa bawa, tukafunga na kamera ndogo ya kuvitazama.

Video ndiyo iliyotuumbua.

Nyuzi za mbele zililala zikifuata mkondo wa hewa, lakini zile za kwenye kibawa zilitapatapa, na mmoja, mwekundu, ulikuwa umegeuka kabisa ukielekea mbele, kinyume cha upepo. Hewa ilikuwa imeachana na bawa. Tulibeba ukinzani wa bawa, yaani hewa kulivuta gari nyuma, bila kupata mgandamizo tulioutarajia.

Tulikilaza kibawa kwa digrii 6 tu. Uzi mwekundu ukatulia, na dereva akapita kona ileile bila kuhangaika na usukani.

Kwenye kona za polepole hatukuona tofauti, jambo lisiloshangaza, kwa kuwa kasi ikipungua kwa nusu, mgandamizo hubaki robo.

Uzi ule ninao mfukoni. Wenzangu mliowahi kuunda bawa, ninyi mlianzia digrii ngapi?