Nilivyopata samoni Puget Sound baada ya kuacha kuvua kama niko Pangani

Mimi ni mtoto wa Pangani, na hilo ndilo lililoniponza. Mtu aliyekulia kwenye mdomo wa mto, akavuta mshipi wa changu na mjomba wake kabla hajamaliza kung'oka meno ya utoto, ukimsimamisha kwenye ufukwe wowote atakuambia samaki wamekaa wapi. Mimi niliwaambia watu hivyo kiangazi kizima, na kiangazi kizima sikupeleka nyumbani hata wa kunukisha sufuria.

Ilikuwa 2024. Naishi jimbo la Washington, Marekani, kusini kidogo ya Seattle, na kazini kwetu ukiingia mwezi wa saba wanaume hawana habari nyingine ila samoni. Jamaa mmoja wa zamu ya usiku alinipa somo zima kwa dakika tano: nenda Agosti, simama ufukweni, rusha chambo bandia cha rangi ya waridi, rudi na samaki wako. "Hata mtoto anapata," akamalizia. Hilo neno nilikaa nalo mwaka mzima, limenikwama kama mwiba wa samaki. Mwingine akasema bila boti nisijisumbue, na boti na nahodha wake ni zaidi ya dola mia mbili kwa kichwa kwa siku. Mwingine akasema lazima nifike saa tisa usiku. Nimeshafika saa tisa usiku. Kuna giza na baridi, basi.

Leseni nayo niliikata mwezi wa tatu, nikajiona mtu wa mipango. Sikusoma chini ya karatasi. Mwaka wa leseni huku unaanza tarehe 1 Aprili na kuisha 31 Machi, kwa hiyo leseni yangu ya kwanza ilikufa baada ya wiki mbili bila kuona maji. Nikakata nyingine, dola thelathini hivi. Fimbo ya kuvulia na rili yake nilinunua za mtumba kwa mtu aliyekuwa anahama, dola ishirini, na bado ninazo.

Mahali nilipochagua panaitwa Point No Point, karibu na kijiji cha Hansville. Unapanda feri Edmonds, unashukia Kingston, halafu ni gari. Jina lake ni kama kusema Rasi Isiyo Rasi. Baharia Charles Wilkes ndiye aliyelitoa mwaka 1841, kwa kuwa kwa mbali palionekana rasi ya maana na kwa karibu pakawa si chochote. Pana mnara wa taa wa 1879, mkongwe kuliko yote ya Puget Sound, mkono wa bahari wa huku kwetu, na uzuri wa pale ni kwamba kina kinashuka ghafla hatua chache kutoka mchangani na mkondo unapita karibu. Samaki wanaokwenda kwenye mito yao wanakupitia puani, na wewe umesimama na viatu vikavu.

Wanapita, lakini si 2024. Nilikwenda safari saba. Nilinasa nyasi bahari, nikanasa mwani mrefu wenye shina kama bomba la maji, nikanasa kaa aliyeng'ang'ania kwa hasira tu, nikanasa papa mdogo aliyejiviringisha kwenye mshipi mpaka nikaukata. Nilimtumia mjomba picha ya yule papa. Akanijibu kwa sauti, na kwa nyuma nikawasikia watu wa bandarini wakicheka: "Mpwa wangu, huyo umemvua au umemkanyaga?"

Safari ya saba ndiyo nilipomwona yule mama. Mfilipino, mfupi, kofia pana, ndoo yake ameigeuza kiti. Alikuwa anavua koho, aina nyingine ya samoni, na alikuwa nao wawili. Nikamwamkia, nikamuuliza mbona samoni waridi, ile aina waliyonisifia kazini, siwaoni. Akanitazama kama unavyomtazama mtu anayesubiri basi siku ya mgomo.

"Mwanangu, huu ni mwaka gani?"

"2024."

"Ugawe kwa mbili."

Mambo yako hivi. Samoni waridi anaishi miaka miwili kamili. Anaanguliwa mtoni, anateremka baharini angali mdogo kama njiti ya kiberiti, anarudi mwaka wa pili, anataga, anakufa. Hakuna anayechelewa wala anayewahi, ndiyo maana ukoo wa miaka witiri na ukoo wa miaka shufwa haukutani kamwe, na huku Puget Sound karibu wote ni wa miaka witiri. 2023 walikuja kwa mamilioni. Yule jamaa wa zamu ya usiku alikuwa ananihadithia kiangazi kilichopita kana kwamba ni kila kiangazi. Nilipomuuliza akasema, "Ah, hilo kila mtu analijua." Ndugu zangu, mtu akikupa ushauri wa uvuvi muulize kwanza yeye mwenyewe alivua lini.

Basi nikangoja. Agosti 2025 nilirudi Point No Point, na sikuhitaji kuuliza kama wapo. Walikuwa wanaruka. Kila baada ya muda mfupi samaki anachomoka majini, anaanguka kwa ubavu, paa! Watu wamejipanga ufukweni bega kwa bega kama safu ya swala, fimbo zimepinda huku na huku. Nikajiingiza katikati yao, nikarusha.

Saa tatu nzima sikuguswa. Kushoto kwangu kijana wa miaka kumi na mbili hivi alikuwa na watatu. Hata mtoto anapata!

Hapa naomba nieleze kwa kirefu, kwa sababu ndipo Pangani ilipokuwa inanimaliza. Kwetu changu unamfuata chini. Unateremsha chubwi, ule uzito wa kuzamisha mshipi, mpaka igonge mwamba, unavuta kidogo, unasikilizia kwa kidole. Mkono wangu umelelewa hivyo. Kwa hiyo kila nilipokirusha kile chambo cha risasi nilikiacha kizame mpaka mshipi ulegee, nijue kimegusa chini, ndipo nianze kuvuta. Kila nikivuta naleta nyasi. Nasafisha, narusha, naleta nyasi. Watu wa pembeni walianza kunisogea mbali kidogo kidogo, maana mshipi wangu ulikuwa unakaa majini kuliko wa wote na unakata njia zao.

Yule mama alikuwepo, kwenye ndoo ileile. Akaniita kwa kidole. "Unavua mawe?" Nikamwambia kwetu samaki wako chini. Akasema, "Hawa hawakai hapa. Hawa ni wasafiri. Msafiri anapita barabarani." Akanionyesha kwa mkono: usawa wa kiuno chake, si zaidi, halafu akaonyesha baharini. Wako juu.

Akachukua fimbo yangu. Chambo chenyewe kilikuwa Buzz Bomb, kile cha risasi chenye pembe kama almasi na tundu katikati, mshipi unapenya na ndoana inaning'inia chini yake. Ukikivuta kinakwenda tu. Ukikilegeza kinaanguka kikizunguka na kutetemeka kama dagaa aliyejeruhiwa, na hapo ndipo anapokula. Yaani samaki anauma wakati wewe hufanyi kitu. Akarusha, si walipokuwa wakiruka bali mbele yao, upande mkondo unakowapeleka. Akangoja kidogo, akanyanyua ncha ya fimbo taratibu, akaishusha, akanyanyua, akaishusha. Mara ya nne ncha haikurudi juu. Akanikabidhi fimbo ikiwa imepinda, kama mtu anayekupa mtoto wako uliyemsahau.

Nilimkosa. Si neno. Nilikuwa nimeshaona.

Kuanzia hapo nikawa nahesabu kwa sauti. Chambo kikigusa maji: moja, mbili, tatu, nne. Nyanyua. Zamani nilikuwa nafika ishirini na kitu. Kwenye nne hakuna nyasi, hakuna mwani, na siku ile kwenye nne walikuwepo. Asubuhi nyingine walikuwa kwenye saba. Yule kijana wa kushoto alinisikia, akaanza naye kuhesabu, "moja, mbili, tatu," bila kujua anasema nini, na Kiswahili chake kilikuwa kinavua vizuri kuliko changu.

Sasa, huku samoni baharini anavuliwa kwa ndoana moja isiyo na kile kijino cha nyuma kinachomzuia asichomoke. Kama ndoana yako inacho unakibana kwa plaizi mpaka kilale. Maana yake ukilegeza mshipi nusu sekunde, kwaheri. Nilipoteza watano kwa njia hiyo, wote miguuni kwangu, kwa kuwa samaki akifika maji ya magoti mimi nilikuwa namwendea kwa furaha, na mshipi unalegea. Mama akanifokea: "Rudi nyuma! Rudi nyuma!" Hiyo ndiyo siri. Samaki akikaribia humfuati, unatembea kinyumenyume kupanda ufukwe, fimbo imenyanyuliwa, unangoja wimbi limpandishe, yeye mwenyewe anateleza mpaka kwenye changarawe. Utajikwaa kwenye gogo, utaanguka kwa makalio. Usiachie fimbo.

Wa kwanza wangu halali nilimpata hivyohivyo, nikiwa nimekaa chini. Kama kilo mbili, mgongo wa kijani kibichi, ubavu wa fedha, magamba madogo mno yanayobaki mkononi kama unga, na madoa makubwa meusi ya mviringo mkiani. Dume wakifika mtoni huota nundu, ndiyo maana wenyeji wanawatania kuwa vibyongo. Unamwandika kwenye kadi ya samaki, ile ya kuorodhesha unaobaki nao, palepale, kwa kalamu ya wino, kabla hujarusha tena. Usiseme nitaandika nyumbani.

Wa pili alichukuliwa na sili. Nimemleta mpaka maji ya kiunoni, naona ubavu unang'aa, mara kichwa cheusi chenye macho ya upole kikatokea nyuma yake, hakina haraka. Fimbo ikawa nzito kama nimenasa gari, halafu ikawa nyepesi. Nilivuta kichwa kitupu, kimekatwa kwa unadhifu nyuma ya matamvua. Ufukwe mzima ulipiga makofi. Sijui walikuwa wanampigia nani.

Aliyeniuma zaidi ni wa tatu. Alipiga kwa nguvu nikajua huyu si waridi, akaruka mara tatu, akaondoka na mshipi mpaka rili ikalia. Kumfikisha karibu ilikuwa kazi ya robo saa au zaidi, mikono inatetemeka. Koho, kilo nne hazipungui, mnene kama mtoto wa kunyonya. Nikamwangalia mgongoni, karibu na mkia. Kale kapezi kadogo kalaini kamesimama wima. Samoni wanaozalishwa kwenye vituo hukatwa hako kapezi wakiwa wadogo, ili mvuvi amjue wa kituoni na wa mwituni. Sheria ya eneo lile siku ile: koho mwenye kapezi anarudi baharini. Nilimshika akiwa majini, sikumpandisha, nikachomoa ndoana, na hapo kweli nilishukuru haina kijino. Akakaa kidogo kati ya viganja vyangu akipumua, akaondoka. Mjomba nilipomsimulia alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani mtandao umekatika. "Umemwachia kwa sababu ya pezi?" Ndiyo, mjomba. "Haya." Na sheria zenyewe zinabadilika katikati ya msimu, eneo kwa eneo, kwa hiyo mimi husoma tangazo la idara ya uvuvi asubuhi ileile nikiwa kwenye foleni ya feri.

Nikapata mwingine baadaye, kwa hiyo siku hiyo niliondoka na wawili, na nikawaharibu. Niliwaweka kwenye ndoo ya maji kwenye jua, nikapiga soga, nikapanda feri. Nyama ya samoni waridi inalegea upesi kuliko samaki yeyote niliyemshika. Kufika nyumbani ilikuwa inabonyea kama uji uliopoa. Mama watoto akanusa, akaniangalia, akafunga mlango wa jiko. Safari iliyofuata nilikwenda na sanduku la barafu. Unampiga kichwani mara moja, unakata matamvua pande zote mbili palepale, unamwacha damu itoke kwenye maji, unamtia barafuni. Jioni ile tulimla wa nazi, na mama watoto, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akiiita hobi yangu "feri", aliuliza Jumamosi ijayo tunaondoka saa ngapi.

Wakati wenyewe? Sahau saa tisa usiku. Tazama maji. Yakifa, yaani mkondo ukisimama, samaki hupoa na watu huenda kunywa kahawa. Yakianza tena kutembea, kujaa au kupwa, rudi ukasimame. Wangu karibu wote niliwapata kati ya saa mbili na saa tano asubuhi, nimeshalala vizuri na kifungua kinywa nimekula.

Mpaka Septemba nilikuwa na kumi na tisa kwenye kadi, nikajitangaza kwa ndugu wote. Ndiyo kosa langu la mwisho. Shemeji yangu aliyeko Texas ameshakata tiketi ya ndege ya Agosti 2026 aje kuvua samoni waridi. Nimemwandikia ugawe mwaka kwa mbili, bora uje Septemba tufuate koho. Amenijibu: "Shemeji, kama hutaki kunionyesha mahali, sema tu."