Mashua Moja, Madeni Matatu

Nahodha aliingia ofisini kwetu karibu na gati ya Mkunguni, kitabu chake cha risiti kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Hakuketi.

"Ami yako yuko?"

"Amevuka Mokowe."

"Basi ni wewe nikutakaye, wewe mwenye kompyuta mpya. Hebu niambie, mimi nina mashua ngapi?"

Nikamwambia moja, Tawakal. Akanitupia karatasi tuliyomchapishia asubuhi ile. Palikuwa na Tawakal tatu, kila moja na deni lake, na iliyokuwa na deni kubwa haikuonyesha hata kilo moja ya samaki aliyewahi kuleta.

Ami yangu ananunua samaki na kamba Kizingitini, huko kwenye kisiwa cha Pate. Mashua hupewa mafuta na barafu kwa mkopo, kisha hukatwa kidogo kidogo kila wanapopima. Kwa hiyo hesabu ikikosewa, si namba tu iliyokosewa, ni heshima ya mtu. Kule Kizingitini kuna kompyuta moja kando ya mizani, yenye programu ya zamani inayoweka data zake kwenye MySQL, ghala la data la kompyuta. Aliyeiandika hapatikani tena, na programu haijui kuongea na kitu kingine. Ofisi ya Lamu ilikuwa ikingoja flashi ije na boti, halafu karani anaanza kuingiza upya kwa mkono. Kusi likivuma, au maji yakiwa yamepwa kwenye mlango wa Mkanda, flashi hulala huko.

Nikajitia ubingwa. Nikasimika PostgreSQL, ghala jingine la aina hiyo, hapa Lamu kwa sababu ndiyo niliyoizoea, nikamwambia ami kwamba ndani ya wiki moja majedwali ya kule yatakuwa yakifika hapa yenyewe kila usiku. Seva zote mbili, yaani maghala hayo, zinatumia SQL, lugha ya kuulizia data, nikajisemea, lugha ni moja. Ni kweli ni moja, kama Kiamu na Kimvita zilivyo lugha moja.

Kuhamisha data zote mara ya kwanza hakukunisumbua. Nilitumia pgloader, programu huru iliyotengenezwa kwa kazi hiyohiyo: inasoma MySQL, inaunda majedwali upande wa PostgreSQL na kuyajaza. Mambo mengine ilinifanyia bila kuniuliza. MySQL ya zamani inakubali tarehe ya sufuri tupu, mwaka 0000 mwezi 00 siku 00, na karani wa Kizingitini alikuwa nazo nyingi mahali ambapo mkopo haujalipwa. PostgreSQL haikubali tarehe isiyokuwepo, basi pgloader ikaziacha tupu. Nikafurahi nikaenda kunywa kahawa.

Kilichoigawa Tawakal ni herufi na nafasi. MySQL ile, kwa mpangilio wake wa kawaida, ikilinganisha maneno haijali herufi kubwa wala ndogo, na nafasi iliyobaki mwishoni mwa neno huihesabu kama haipo. "Tawakal", "tawakal" na "Tawakal " yenye nafasi nyuma ni kitu kimoja kwake. Programu ya kule iliunganisha risiti na mashua kwa jina, si kwa namba, na kwa miaka yote haikumdhuru mtu. PostgreSQL inasoma kilichoandikwa. Kwake hayo ni majina matatu, na skripti yangu, yaani maagizo niliyoyaandika ya kuleta data, ilipokuta jina isilolijua ilisajili mashua mpya kwa uungwana kabisa. Nilikuwa nimehesabu mistari pande zote mbili nikaona imelingana, nikaridhika. Hesabu ya mistari haikuniambia kwamba seva mbili hizi hazikubaliani juu ya maana ya neno "sawa".

Dawa yake nikaiweka njiani: kila jina hupunguzwa nafasi na kugeuzwa herufi ndogo kabla ya kutafutwa, na mashua isiyojulikana haisajiliwi tena, inasubiri kwenye jedwali la pembeni mpaka karani aithibitishe. Jioni ileile Tawakal ikarudi kuwa moja. Nahodha nikampelekea karatasi mpya mwenyewe, kwa miguu.

Lakini bado deni lake halikulingana kwa senti. Kwake yeye senti si kitu, kwangu ilikuwa mwiba. Nikagundua safu ya deni kule iliundwa kwa aina ya namba iitwayo FLOAT, ambayo MySQL inapoitoa kwa maandishi huonyesha tarakimu sita tu za maana. Deni la 186,425.75 likasafiri likiwa 186426. Ndani ya seva limehifadhiwa vizuri, njiani linakatwa mkia. Tangu siku hiyo nageuza kila namba ya pesa kuwa desimali yenye nafasi mbili kulekule chanzoni, kabla haijatoka mlangoni. Mtu akikuomba ushauri wa kuunda jedwali la pesa, mwambie asitumie FLOAT, na ukimwambia kwa ukali si vibaya.

Halafu saa. Ripoti ya kwanza ilionyesha kwamba mashua nyingi za Kizingitini hufika saa nane usiku. Ami akacheka hadi akakohoa. Karani wa kule aliingiza saa mbili asubuhi kama 02:00, nani angemlaumu? Tukakubaliana naye aache kuandika saa, programu iweke yenyewe.

Kusawazisha kila usiku ndiko kulikonilia muda mrefu zaidi. Nilianza kwa njia ambayo wengi huanza nayo: kila mstari una safu inayosema ulirekebishwa lini, basi usiku unauliza, nipe vilivyobadilika tangu jana. Ilifanya kazi siku kumi na moja. Stima ikakatika Kizingitini, na betri ndogo ya ubao wa kompyuta ile ilikuwa imekufa zamani. Mashine ilipowaka ikaamini tuko miaka mingi nyuma. Risiti za siku mbili zikaandikwa tarehe za kale, na skripti yangu, ambayo inauliza vya tangu jana, ikazipita bila kuziona.

Na hata saa ingekuwa sahihi, kulikuwa na tatizo jingine nililolijua kwa aibu. Karani alifuta risiti aliyoikosea. Mstari uliofutwa hauna tarehe ya kurekebishwa, haupo. Kule haupo, huku Lamu umekaa kitako, na mvuvi anadaiwa mafuta ambayo hakuyachukua.

Nikaacha kutegemea saa. Kwenye MySQL kuna triga, yaani maagizo unayoyafunga kwenye jedwali yatekelezwe kila mstari unapoongezwa, kurekebishwa au kufutwa. Nikaunda jedwali dogo la daftari: namba inayopanda, jina la jedwali, ufunguo wa mstari, yaani kinachoutambulisha, na kilichotendeka. Triga zinaandika humo. Lamu inakumbuka namba ya mwisho iliyopokea, na usiku inaomba za kuanzia hapo, lakini inarudi nyuma mistari mia mbili kwa makusudi, maana namba inaweza kutolewa mapema na kazi yake ikathibitishwa baadaye, ukairuka. Kurudia hakuharibu kitu: tangu toleo la 9.5 la mwaka 2016 PostgreSQL ina amri ya kuingiza ambayo, ikikuta ufunguo upo tayari, inarekebisha badala ya kukataa. Ukiiendesha mara tano matokeo ni yaleyale. Mahali ambapo mtandao hukatika katikati ya sentensi, hiyo ndiyo sifa ninayoithamini kuliko zote.

Utaratibu wa kuingiza nao una adabu yake, mashua kwanza, risiti baadaye, la sivyo risiti inakataliwa kwa kukosa mzazi. Kufuta ni kinyume chake. Na kama jedwali la PostgreSQL linajipatia namba zake lenyewe, baada ya kunakili lazima uisogeze mashine ya namba mbele ya namba kubwa kuliko zote, ama mstari wa kwanza utakaoingizwa hapa utagongana na wa zamani. Hilo nililipata kwa kelele za karani wetu.

Ami alitaka pia bei zibadilishwe kokote, Lamu au Kizingitini, zifuatane. Nikamkatalia, jambo ambalo si rahisi kumfanyia ami yako. Pande mbili zikiandika mstari mmoja usiku mmoja na mtandao umelala, asubuhi nani mkweli? Yupo anayesema mwandishi wa mwisho ndiye mkweli, lakini wa mwisho kwa saa ipi, ile yenye betri iliyokufa? Tukagawana: bei na orodha ya mashua mwenyewe ni Lamu, zinakwenda upande mmoja. Risiti mwenyewe ni Kizingitini, zinakuja upande mmoja. Ami aliguna, kisha akasema ndivyo alivyogawana shamba na ndugu zake.

Kitu cha mwisho nilichoongeza ni ukaguzi wa alfajiri. Kila seva inajumlisha kilo na pesa kwa kila mashua kwa kila siku, na jumla zinalinganishwa. Kwanza nilijaribu kuukamua kila mstari uwe alama moja fupi na kulinganisha alama, zikatofautiana karibu zote, nikapata homa. Kumbe upande mmoja uliandika 12.5 na wa pili 12.50. Maandishi lazima yavalishwe nguo moja kabla ya kukamuliwa. Zikitofautiana, skripti haijirekebishi, inaniandikia ujumbe kwenye simu, nami naamka kuangalia.

Kusi la mwaka huo mtandao wa Kizingitini ulilala siku nne. Siku ya tano usiku daftari la mabadiliko likamiminika lote kwa dakika chache, na alfajiri jumla zikalingana. Nahodha wa Tawakal sikumwambia lolote. Lakini kila tukikutana gatini, kabla ya kuniuliza hali, huniuliza mashua zake tatu hazijambo.