Kabla hujanunua kikompyuta, ulizia kerneli

Shemeji yangu anafundisha tuisheni nyumbani kwake Morogoro, watoto kama kumi na tano hivi, na intaneti ya pale ni bando la simu yake basi. Mwaka jana akaniuliza, "Shem, hakuna namna hawa watoto wakasoma Wikipedia bila kunimalizia bando?" Namna ipo, inaitwa Kiwix, programu huria ya bure kabisa, unashusha Wikipedia nzima unaiweka kwenye kikompyuta kidogo halafu simu zote za mle ndani zinasoma kwa waifai bila intaneti. Ya Kiswahili inaenea kwenye memori kadi ya kawaida tu, ya Kiingereza yenye picha ndo kimbembe, inazidi GB 100.

Sasa kikompyuta chenyewe. Nikaingia kichwa kichwa, nikaagiza kikompyuta fulani cha Kichina (jina naacha) nusu ya bei ya Raspberry Pi, kikompyuta maarufu cha aina hiyo, prosesa ya kori nne, RAM 1GB, kwenye picha kinapendeza kweli. Kimefika, nashusha mfumo kwenye tovuti ya mtengenezaji, nakuta kerneli (kiini cha mfumo, ndo kinachoendesha vifaa kama waifai) ni 3.4, yaani ya mwaka 2012! Waifai inashika dakika mbili inakata, nikijaribu kerneli mpya inashika lakini mlango wa waya wa netiweki unakufa, wiki mbili nalala saa nane usiku nasoma maelezo ya Kichina kwa kutafsiriwa na mashine. Bei chee ile niliilipa kwa usingizi.

Ndo maana siku hizi mtu akinitumia link ya bodi, yaani kikompyuta cha namna hii, siangalii kori wala RAM kwanza. Naenda kwa wale jamaa wa Armbian, wanaotengeneza mfumo wa Linux kwa bodi kama hizi, naangalia kama hiyo bodi ipo na kama kuna mtu bado anaitunza. Orange Pi kadhaa, bodi za kampuni nyingine, wanazitunza vizuri tu kwahiyo sisemi kila kisicho Raspberry Pi ni takataka, nasema ulizia kwanza. Halafu Raspberry Pi yenyewe sio maajabu kwa nguvu, inachonivutia ni kwamba ile ya kwanza kabisa ya Februari 2012, ya dola 35, mpaka leo unaiwekea mfumo mpya na inawaka. Hapo ndo hela yako inakoenda.

Niliifikiria sana Raspberry Pi Zero 2 W, ilitoka 2021 kwa dola 15, umeme inakula kidogo mno, lakini haina mlango wa waya wa netiweki na RAM ni 512MB, na mimi nilikuwa na ruta ya zamani nataka niichomeke kwa waya waifai ifanywe na ruta. BeagleBone Black, bodi nyingine, nayo naipenda, hifadhi imo humohumo kwenye bodi huna presha ya memori kadi, ila kuipata huku ni shughuli. Mini PC ya mtumba ingekuwa na nguvu kuliko zote hizo, sema inakula umeme zaidi na Luku anayelipa ni shemeji.

Mwisho nikachukua Raspberry Pi 3 iliyotumika, RAM 1GB, mlango wa waya upo. Kwa Kiwix inatosha na kubaki maana kazi yake ni kusoma faili na kuligawa tu.

Ila chaja jamani! Nilianza na chaja ya simu iliyokuwa mezani, bodi ikawa inajizima watoto wakizidi, nikadhani ni kadi. Kumbe umeme haufiki, hizi Pi 3 zinataka volti 5 na ampea 2.5, na zikikosa zinakuonyesha kialama cha radi cha njano kwenye skrini, sasa mimi sina skrini nimeingia kwa SSH tu, yaani kwa maandishi kutoka kompyuta nyingine, ningekionea wapi. Andika vcgencmd get_throttled, ikirudisha 0x0 uko salama, ikirudisha kitu kama 0x50005 tupa chaja.

Chaja nzuri nikanunua. Wiki ya pili shemeji ananipigia, Wikipedia imekufa. Namuuliza taa nyekundu inawaka? Kimya kidogo, halafu, "Aa, shem, ile chaja inajaza simu haraka kweli." Sasa hivi imezungushiwa selotepu kwenye soketi.