Nilivyozimudu njeo za wakati uliopita za Kiromania

Vitabu nilivyosomea Kiromania viliandikwa kwa ajili ya wazungumzaji wa Kiingereza, na vyote huanza na jedwali: hii ni perfect compus (wakati uliopita wa vipande viwili), hii ni imperfect (ya tendo lililokuwa likiendelea), haya kariri. Kukariri si kazi. Kazi ni kujua ipi itumike wapi, maana mipaka ya Kiromania haipiti pale inapopita ya Kiingereza. Hata -li- na -me- zetu hazitenganishwi: am mâncat ni "nilikula" na ni "nimekula" vilevile.

Nilianza na hiyo perfect compus kwa kuwa ndiyo inayobeba mazungumzo ya kila siku. Ina vipande viwili: kitenzi kisaidizi am, ai, a, am, ați, au, kisha umbo lisilobadilika kwa nafsi yoyote, kwa mfano lucrat, la a lucra, "kufanya kazi". Mtego uko kwenye kisaidizi. Kinafanana na a avea, yaani "kuwa na", lakini a avea huenda am, ai, are, avem, aveți, au. Ndiyo maana wengi husema are lucrat na avem lucrat, na zote mbili ni makosa. Sahihi ni a lucrat na am lucrat. Safu ya kisaidizi niliikariri peke yake, mbali kabisa na a avea. Aliyepitia Kifaransa naye asitafute kisaidizi cha "kuwa" kwa vitenzi vya mwendo: am venit (nimekuja), am plecat (nimeondoka), basi.

Umbo la pili ni rahisi kwa vitenzi vinavyoishia na -a (lucrat), vingi vya -i (vorbit, "kusema") na vya -ea (văzut, "kuona"). Vya -e ndivyo visumbufu: a face (kufanya) hutoa făcut, lakini a merge (kwenda) ni mers, a scrie (kuandika) ni scris, a pune (kuweka) ni pus. A fi (kuwa) ni fost. Hivi huandikwa daftarini kwa jozi tangu siku unapokutana navyo, la sivyo utavikisia na kukosea. Angalia pia "nimemwona": kwa mwanamume ni l-am văzut, kwa mwanamke kiwakilishi hurukia nyuma, am văzut-o.

Imperfect (lucram, lucrai, lucra, lucram, lucrați, lucrau) ina makao tayari kwetu. Citeam când a intrat: nilikuwa nikisoma alipoingia. Panapokubali "nilikuwa niki-", iwe ni tendo lililokuwa likiendelea au mazoea, naweka imperfect. Mwenye Kiingereza hapati msaada huo, kwa sababu "was" yake moja hugawanyika mara mbili: am fost la Cluj ni nilikwenda Cluj, mji wa Romania, nikarudi; eram la Cluj ni nilikuwa huko, na msikilizaji anangoja kusikia kilichotokea. Njeo hiyohiyo hubeba adabu, voiam să vă întreb, "nilikuwa nataka kukuuliza". Kwenye mazungumzo hubeba hata masharti: dacă știam, nu veneam, ningalijua nisingalikuja.

Penye hatari halisi ni hospitalini. Wanafunzi wengi wa kigeni wa udaktari nchini Romania husoma kwa Kiingereza, ila wagonjwa huongea Kiromania. Mgonjwa akisema mă doare de trei zile, maumivu yana siku tatu na bado yapo. Akisema m-a durut trei zile, yaliuma siku tatu yakaacha. Kiingereza hutumia "has" kwenye ile ya kwanza, ndipo mwanafunzi anapokimbilia perfect compus na kuandika historia ya mgonjwa kinyume. Hali iliyoanza zamani na inayoendelea hutaka wakati uliopo pamoja na de. Ukikanusha tukio, perfect compus hurudi: nu l-am văzut de trei ani, sijamwona miaka mitatu.

"Alikuwa ameshaondoka" ni neno moja, plecase. Usilijenge kwa kisaidizi ukiiga "had". Kwa vitenzi vingi ondoa t ya mwisho uweke -sem: lucrat, lucrasem, văzut, văzusem. Penye s, ibakize: mers, mersesem. Fost huvunja kanuni, ni fusesem.

Perfect simplu, wakati uliopita wa neno moja, niliiacha mwisho, na nakushauri hivyohivyo. Riwayani hufanya kazi ya -ka- yetu: zise, akasema. Mdomoni ni ya eneo la Oltenia, upande wa mji wa Craiova, kwa mambo ya leoleo. Hapo mâncai ni "nimekula" ya sasa hivi. Lakini mâncai hiyohiyo, katika imperfect, ni "ulikuwa ukila", na mkazo hauzitofautishi. Tazama nani anazungumziwa na lini.