Mpangaji wa Spika ya Kushoto

Spika ya kushoto ilianza kutoa sauti usiku, ikiwa imezimwa.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa hajatimiza mwezi, na zamu ya saa nane usiku ilikuwa yangu. Nilikuwa nimembeba begani nikizunguka sebuleni gizani, mlangoni hadi dirishani, dirishani hadi mlangoni, nikimpigapiga mgongo mpaka acheue. Ndipo nikasikia: kwaru, kimya, kwaru kwaru. Nikikaribia spika, sauti inakatika. Nikifika dirishani, inarudi. Amplifaya ilikuwa haijapiga muziki tangu mama na mtoto watoke hospitali, lakini plagi ilikuwa ukutani na kile kitaa chake chekundu kilikuwa kinawaka siku zote. Kwa usingizi niliokuwa nao nilidhani ni waya umelegea. Halafu akili ikanijia kwamba waya uliolegea hausikii hatua za mtu ukanyamaza.

Asubuhi nikachukua tochi. Spika zetu ni zile za kusimama sakafuni, maboksi marefu ya mbao, kila moja na tundu la besi kwa nyuma. Tundu hilo halikuwekwa kwa urembo. Koni, ule uso wa spika unaotikisika, ikienda mbele na nyuma husukuma hewa iliyomo ndani ya boksi, na hewa hiyo ikipumulia pale ndipo besi inapopata uzito. Kwenye mdomo wa tundu la kushoto palikuwa pananing'inia uzi wa pamba nyeupe. Chini, pembeni mwa ukuta, mavi: meusi, yamechongoka ncha, milimita tano hivi kila moja. Sikuhitaji ushahidi mwingine.

Mke wangu alisimama mlangoni akiwa na mtoto, akatazama, akasema, "Hiyo itoke humu ndani leo."

Wala hakumaanisha panya. Alimaanisha spika.

Wazo langu lilikuwa jepesi: niwashe, nifungulie sauti mpaka mwisho, mgeni atoke mwenyewe akikimbia. Kabla sijafanya hivyo nikampigia shemeji, kaka yake mke wangu, ambaye tangu nimjue ni fundi wa redio. Hata sikumaliza sentensi.

"Shemeji, usiguse swichi. Nenda kachomoe plagi ukutani, halafu tuendelee kuongea."

Nilipochomoa, akanieleza. Wahenga waliposema panya huuma na kupuliza walikuwa wanazungumzia miguu ya binadamu, lakini waya nao huumwa hivyohivyo, bila mtu kujua mpaka siku unapowasha. Waya wa spika una nyuzi mbili zinazokwenda sambamba. Panya akimenya plastiki, shaba zikagusana, amplifaya inajikuta inasukuma umeme kwenye njia yenye ukinzani mdogo mno, yaani karibu hakuna cha kuuzuia, na kinachoungua ni zile transista kubwa za kutolea sauti. "Spika itapona," akasema, "halafu tuje tuizike amplifaya."

Alikuja siku hiyohiyo jioni na mkoba wake wa bisibisi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuziba tundu la besi kwa kitambaa, kisha tukalibeba boksi mpaka nje, taratibu, bila kuligongesha popote. Ndani kulisikika purukushani fupi, kisha kimya. Alinipa glovu na barakoa, naye akavaa zake. Mimi niliona anatia chumvi. Yeye akasema panya hubeba vijidudu kama salmonela na leptospira katika kinyesi na mkojo, na kwamba mkojo uliokauka ukiufagia unaupandisha hewani ukauvute mwenyewe. "Na humo ndani mna mtoto mchanga," akamalizia, kwa sauti ya mjomba wa mtoto, si ya fundi.

Alifungua skrubu za spika ya besi moja baada ya nyingine, akaacha moja ya juu ikiwa imelegezwa tu. Akaitoa hiyo ya mwisho huku akiwa ameishika spika kwa kiganja. Alipoivuta tu, panya akaruka kupitia upenyo, akatua kwenye goti lake, akapotea majanini. Alikuwa mdogo mno, wa kijivu, macho meusi, mkia mrefu sawa na mwili. Nilikuwa nimejiandaa kwa adui mkubwa zaidi.

Ndani ya maboksi ya spika mafundi huweka pamba, ile ya nyuzi za polista wanayojazia mito, ili sauti inayorudi nyuma ya koni imezwe isije ikagonga kuta na kuvuruga ile ya mbele. Yetu ilikuwa imepangwa vizuri kwenye kuta zote nne. Sasa ukuta mmoja ulikuwa uchi kabisa, mbao inaonekana, na pamba yake yote ilikuwa chini, imesukwa ikawa tufe lenye mlango ubavuni. Shemeji akamulika. Tufe halikuwa la pamba peke yake. Kulikuwa na vipande vya karatasi vimechanwa vyembamba mno, na kwenye kimoja nilisoma nusu ya neno kutoka kijitabu cha maelekezo ya amplifaya, ambacho nilikuwa nakiweka nyuma ya kabati. Kulikuwa na nyuzi za njano. Mke wangu, aliyekuwa amesogea bila sisi kumsikia, akainama akazitambua: soksi ya mtoto, ile iliyopotea, iliyotufanya tupekue nguo zote chafu.

Shemeji akapanua mlango wa tufe kwa ncha ya bisibisi. Walikuwa sita. Hawakuwa na unyoya hata mmoja, ngozi ya waridi, macho yamefungwa chini ya utando, masikio yamelala yamegandana na kichwa. Ngozi ya tumbo ilikuwa nyembamba kiasi kwamba maziwa waliyonyonya yalionekana kwa ndani, doa jeupe upande wa kushoto wa kila mmoja. Kwa dalili hizo walikuwa hawajafikisha hata wiki, kwa sababu macho yao hufunguka wiki ya pili na unyoya huwahi kidogo kabla ya hapo.

Walikuwa wanafumbua midomo. Wote, kwa nguvu, vichwa vinatikisika, na hatusikii kitu. Nilidhani wanatafuta ziwa. Shemeji akasema hapana, wanalia. Watoto wa panya wanapopatwa na baridi humwita mama yao kwa sauti ya juu sana, zaidi ya hezi 40,000, na sikio la binadamu, hata la kijana, huishia hezi 20,000 hivi. Mama yao anasikia. Twita ya spika ileile waliyozaliwa ndani yake, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, nayo imetengenezwa iishie palepale tunapoishia sisi. Nilichukua muda pale nikiwa nimechuchumaa mbele ya boksi, nikitazama kelele.

Lakini nisijifanye mtu mwema. Nilitaka wafe, tena upesi. Panya jike akishazaa anaweza kushika mimba nyingine ndani ya siku moja, akaibeba wiki tatu tu, na hawa sita wangekuwa wazazi kabla mwanangu hajajua kukaa. Nilisema hivyo kwa sauti. Mke wangu akatazama soksi, akamtazama mtoto wake, akasema, "Mbele yangu hapana." Shemeji, ambaye amekua na dada yake na anamjua, hakubishana. Alilihamisha tufe zima ndani ya katoni, akatoboa tundu, akaliweka mbali kabisa na nyumba, upande alikokimbilia yule mama. Asubuhi tufe lilikuwepo na watoto hawakuwepo. Panya huhamisha watoto wake kwa mdomo, mmoja mmoja. Na paka nao wapo. Sikwenda kuchunguza.

Kazi yenyewe ilikuwa bado. Shemeji alipima spika ya besi kwa mita, ikasoma ohmu 6 na kidogo, akaridhika. Imeandikwa 8 mgongoni, lakini mita inapima ukinzani wa waya wa koili tu, na kwa spika ya 8 hiyo ndiyo hesabu yake. Ukingo wa mpira unaoshika koni ulikuwa na alama za meno, haukutoboka. Twita ndiyo iliyokuwa imekufa: waya wake ulikuwa umekatwa kama kwa mkasi, na karibu na ncha shaba ilikuwa imevuliwa plastiki, inang'aa. Niliuliza plastiki ina utamu gani. Haina. Meno ya mbele ya panya hukua maisha yake yote, asipotafuna yatamzidi mdomo, kwa hiyo hutafuna chochote kinachokaa vizuri kati ya meno.

Jinsi shemeji alivyokuwa analitenganisha lile boksi ndivyo nilivyozidi kumwelewa yule mpangaji. Mbao nene, ili zisitetemeke: zinazuia baridi. Pamba, ili imeze mwangwi: godoro. Tundu la besi: mlango, tena mmoja tu, unaotazama ukutani, paka haingizi mkono. Mbele kitambaa cheusi, giza mchana kutwa. Na jirani kabisa, amplifaya inayokaa na uvuguvugu usiku na mchana kwa ajili ya kile kitaa chekundu. Ungempa panya kalamu achore nyumba anayoitaka, angechora spika yangu.

Kuhusu amplifaya nilikuwa nimejifariji kwamba imesalimika. Nyuma yake kuna tundu ambalo zamani lilikuwa na soketi, soketi ikatolewa, tundu likabaki. Halipiti kidole. Panya huyu mdogo hupita popote kichwa chake kinapopita, milimita sita au saba zinamtosha. Shemeji alifungua mfuniko lakini hakuingiza mkono. Alitoa rezista kubwa yenye miguu iliyofunikwa, akagusisha kwenye kapasita mbili kubwa, akasubiri, akapima kwa mita, ndipo akaendelea. Kapasita hizo hutunza umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, na za ukubwa ule zinaweza kukurusha vibaya.

Juu ya transfoma kulikuwa na pamba imelalwa ikawa bapa. Hapa hakuzaa, alikuwa anaota moto tu. Ila alikuwa anakojoa, na panya hukojoa matone madogo kila anapopita, ndiyo namna yake ya kuandika jina. Mkojo una chumvi, chumvi na unyevu vinapitisha umeme na vinakula shaba. Kwenye bodi, karibu na kitufe cha kuongezea sauti, njia za shaba zilikuwa zimegeuka kijani, na mojawapo ilikuwa imelika ikakatika. Meno yaliharibu waya mmoja tu. Haya mengine yote yalikuwa ya mkojo, na ndiyo yaliyotugharimu. Harufu siielezi.

Boksi tulilisafisha kwa maji yenye klorini, sehemu moja kwa tisa za maji, tukayapuliza kila mahali na kuyaacha kwanza yafanye kazi kabla ya kufuta. Mbao za ndani, zile za unga wa mbao uliogandamizwa, zilikuwa zimekunywa mkojo zikavimba sehemu moja, na hata baada ya kukauka juani harufu haikwisha. Shemeji akazipaka vanishi makoti mazito ili aifungie humohumo. Kwenye bodi hakutumia maji. Alitumia spiriti safi na brashi laini, akakwangua ukijani, akaunganisha njia iliyokatika kwa kipande cha waya na solda. Ni kazi ya kuinamia muda mrefu kwa faida ya milimita chache, na aliifanya huku akiimba.

Watu walinishauri mengi baadaye, na mengine yananikera mpaka leo. Mmoja aliniletea kile kifaa cha kuchomeka ukutani kinachodaiwa kufukuza panya kwa sauti tusizozisikia. Sauti za juu kiasi hicho hazipenyi mbao, pazia linazidhoofisha, na kochi linazizuia. Panya aliyejificha ndani ya boksi la spika lenye pamba amekaa mahali palipotengenezwa mahsusi kumeza sauti. Nilimrudishia kifaa chake kwa shukrani.

Dawa iliyobaki ilikuwa kuziba. Shemeji alikata wavu wa chuma wenye matundu madogo kuliko milimita sita, akaubana ndani ya matundu ya besi ya spika zote mbili, na kipande kingine kwenye lile tundu la amplifaya. Nilikuwa na wasiwasi kwamba wavu utabana hewa na besi itapungua. Akaniambia kwa sauti tunayosikilizia sisi sitagundua. Na kweli sijagundua, ingawa nilijaribu sana kugundua.

Kabla ya kufunga alichukua betri ndogo ya volti 1.5, akagusisha waya wake kwenye spika ya besi. Koni ikaruka mbele, tup! Akaachia, ikarudi. Mtoto, aliyekuwa amepakatwa pale kando, akashtuka, akaitumbulia macho. Akagusisha tena. Tup! Fundi na mpwa wake wakawa wamesahau kilichowaleta, wakacheza na betri ile mpaka mke wangu akauliza kama kazi imekwisha au vipi.

Ilikuwa imekwisha, isipokuwa jambo moja. Pamba mpya haikutosha kujaza kama mwanzo, na shemeji akashauri tufungue na ya kulia tupunguze yake, zilingane. Ya kulia tulikuwa tumeimulika, haikuwa na dalili ya kuguswa. Nilikataa, nilikuwa nimeshachoka na maboksi. Kwa hiyo ya kushoto inavuma kidogo kuliko mwenzake. Wageni hawajui. Shemeji anajua, na akija kutusalimu huchagua kochi la kulia.